Risasi na Boga

Saa tatu usiku, ghorofa ya pili, Plovdiv.
Theluji inagonga kioo kama mgeni asiye na haraka.
Nimebaki mimi na machicha.

Kiwanda cha juisi kilikamua maboga,
kikayahesabu haya kuwa taka, kikanipa bure,
magunia manne, na dereva akacheka:
"Zlatina, umefungua zizi la nguruwe?"

Nayaosha kwa spiriti. Nayakausha, nayasaga.
Nayapasha katika maji yenye uchachu wa limau,
digrii themanini na tano, saa nzima, sibanduki,
kama anayechunga maziwa yasifurike.
Nachuja. Namimina spiriti baridi,
na hapo
(kila mara nazuia pumzi hapo)
katika maji ya rangi ya chai hafifu
linazaliwa wingu.
Nyuzi nyeupe, utelezi mtupu,
nusu kamasi, nusu shela ya bibi harusi.
Ndiyo gundi iliyolishika boga lisimomonyoke
msimu mzima juu ya banda la baba.

Baba yangu, Nayden,
hakupigwa risasi.
Aliivuta.
Miaka ishirini na sita mbele ya tanuri
kusini mwa mji, inakoyeyushwa,
iliingia puani bila mlio,
ikakaa mfupani, mpangaji
asiyelipa kodi wala hafukuziki.

Kwetu mjinga huitwa boga.
"Boga wee," ananiambia Jumapili,
"umesoma chuo kikuu uje uchemshe maganda?"

Sikiliza, Baba, namwambia.
Hii tumbo haliimeng'enyi. Inapita ikivimba,
inaishika sukari mkono: polepole, hatukimbizwi.
Inakumbatia nyongo, inatoka nayo,
na ini linalazimika kuchota mafuta damuni litengeneze nyingine.
Chini kabisa, kwenye utumbo mpana,
vijidudu vinaipokea kwa karamu,
na vikishiba vinaulisha ukuta wa nyumba vinamoishi.

"Na risasi?"

Risasi ikikutana nayo njiani, inang'ang'aniwa.
Kwenye chupa nimeona kwa macho yangu.
Kwa panya wa Stoyka tumeona, kidogo,
na kidogo hicho tumekipima mara tatu.

"Na iliyomo mfupani?"

Saa ya ukutani ikasikika.
Ningeweza kudanganya. Wapo wanaouza uongo huo
sokoni, katika vikopo vyenye picha ya jua.
Nikatazama vidole vyake, vinavyotetemeka
hata vikishika kijiko kitupu.
Haifiki huko, Baba.
Inakamata mpita njia.
Mpangaji haiwezi kumtoa.

Hakusema neno.
Akaenda barazani, akarudi na boga la mwisho,
la kijivu, zito, lenye kovu la mvua ya mawe ya Juni.
Nikanyoosha mkono kusaidia, akanikwepa.
Akalipasua mwenyewe, kisu kikitetemeka, boga likitii,
na chumba kikanukia udongo wa Oktoba.
Akatenga vipande vya kuoka:
bila sukari, kwa ajili ya daktari,
na jozi za kuponda, kwa ajili yake.
Mbegu akazitandaza juu ya gazeti, kando ya jiko,
akizihesabu kwa midomo. Za Mei, akasema.
Sikumuuliza Mei ya nani.

Wanasema ukipenda boga upende na ua lake.
Mimi niliingilia mlango wa nyuma:
nilipenda machicha kwanza,
kile kilichokwisha kukamuliwa
na bado kina kazi.

Tulikula. Nyama laini, tamu ya kutosha.
Akala vipande vitatu, akaomba cha nne,
akasahau kunitukana.

Nilipovaa koti alikuwa ameinama mezani,
anakusanya maganda, moja moja,
hata lile lililodondoka chini ya kiti.
Akayafunga katika mfuko, akakaza fundo
mara mbili, kwa sababu la kwanza lilimponyoka.

"Shika," akasema. "Boga wee.
Kesho usichelewe kazini."